Malalamiko Kuhusu Baba Yangu Kugawiwa kwa Watu wa Louisiana

Darlene Hrabovsky,
Youngstown, Ohio.
Tarehe 9 Aprili

Kwa Meneja wa Migahawa,
Bustani ya Burudani ya Ufalme wa Jua,
Orlando, Florida.

Ndugu Meneja,

YAH: KUPOTEA, KUTUMIKA NA KUREJESHWA KWA BABA YANGU, MZEE LEONARD HRABOVSKY

Nakuandikia kwa heshima zote, nikitumaini kwamba wewe, wahudumu wako na yule mamba mnaendelea vizuri. Sisi hatujambo, isipokuwa kwa hayo yatakayofuata.

Nilipopiga simu ofisini kwako wiki jana nilijibiwa kwa adabu kwamba binti wa mapokezi, Marisol, ameondolewa mlangoni kwa muda, na kwamba mtaamua juu ya kazi yake mtakapopata maelezo yangu kwa maandishi. Haya ndiyo maelezo yenyewe. Nimeyapa namba ili msiruke hata moja.

Kwanza mnijue. Kazi yangu ni kupanga ratiba za mabasi ya shule. Nina mabasi sitini na mawili, na katika miaka kumi na tisa hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kushushwa kwa familia isiyo yake. Sisemi hivi kwa kujisifu. Nasema ili mjue mnazungumza na mtu wa namna gani.

Machi hii tulikuja kwenu watu watano kwa siku tano: mimi, mume wangu Curtis, binti zetu Paige mwenye miaka kumi na mitatu na Joanie mwenye saba, na baba yangu Leonard, mwenye miaka sabini na sita, mstaafu wa kiwanda cha chuma. Baba anaishi nasi tangu mama yangu, Irene, alipofariki miaka miwili iliyopita. Ni mtu mkimya. Mezani hula, hufuta mdomo, hukunja kitambaa mara nne, husema "Asanteni," huinuka na kwenda chumbani kwake. Chakula cha jioni nyumbani kwetu huchukua dakika kumi na nane. Huyo ndiye mzee niliyewaletea.

1. Kuhusu dakika kumi na tano.

Sheria yenu inasema meza za migahawa hufunguliwa siku sitini kabla ya safari, saa kumi na mbili kamili asubuhi. Saa kumi na moja na nusu nilikuwa mbele ya kompyuta nimevaa viatu. Curtis akaniuliza viatu vya nini. Nikamwambia huwezi kugombania meza ya mamba ukiwa na soksi. Ilipofika saa kumi na mbili na dakika nne nilikuwa nimeshapata milo kumi na mitano, mitatu kwa kila siku, nikaichapa kwenye karatasi, nikaipaka rangi na kuipitishia plastiki juu. Mlo wa kwanza kabisa, kifungua kinywa pamoja na vikaragosi, wale wahudumu wenu wanaovaa sura za wanyama, katika mgahawa wa Meza ya Mamba, ulikuwa saa mbili na dakika ishirini.

Tuliitwa saa mbili na dakika thelathini na tano. Katika kazi yangu, dakika kumi na tano ni watoto arobaini wanaotetemeka barabarani.

Isitoshe, mlitupa kile kidude kinachotetemeka meza ikiwa tayari, na Baba akakitia kwenye mfuko wa kifuani. Kilipoanza kazi yake, Baba aliushika moyo, akafumba macho, akaniambia kwa utulivu mkubwa, "Darlene, mimi ndiyo naondoka. Mwambie Curtis asiguse bisibisi zangu."

Curtis akasema, "Mzee, hiyo ni meza imepatikana."

Baba akafumbua jicho moja. "Sawa. Lakini bisibisi asiguse."

Kwa kumbukumbu zenu, hayo ndiyo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoyasema tangu Krismasi.

2. Kuhusu rangi ya njano.

Familia yenye akili ikija kwenye bustani yenye watu maelfu huvaa fulana za rangi moja ili asipotee mtu. Niliagiza za njano, zimeandikwa mgongoni HRABOVSKY: TUNAKULA KWA WAKATI. Ninyi mkatuketisha jirani kabisa na ukoo mzima kutoka Lafayette, Louisiana, watu kumi na wanne, wote wa njano. Zao ziliandikwa GUIDRY: TUMEKUJA KULA. Ukimwangalia mtu kwa mbele huwezi kujua ni wa nani. Naomba nielezwe ni ofisa gani mwenye dhamana ya kutenganisha rangi, na kama hayupo, kwa nini hayupo.

3. Kuhusu hatua tisa.

Kwenye bufe yenu, kutoka kwenye mayai hadi meza ya akina Guidry ni hatua tisa. Kutoka kwenye mayai hadi meza yetu ni hatua kumi na nne. Nilirudi kesho yake nikapima kwa miguu yangu, mara mbili, mbele ya mpishi wa pankeki aliyeniuliza kama nimeangusha hereni.

Baba alikwenda kuchukua chakula akiwa na maagizo yangu kamili: ute wa mayai mawili bila chumvi, nusu ndizi, maji. Mzee wa miaka sabini na sita, mwenye miwani ya kusomea, amebeba sahani, anaona njano baada ya hatua tisa. Mnategemea afanye nini? Akaketi. Naliweka kosa hili mlangoni kwenu, Ndugu Meneja, maana mtu mzima hawezi kulaumiwa kwa kuketi kwenye kiti cha kwanza chenye rangi yake.

Kiti hicho kilikuwa kando ya mama wa ukoo ule, Bibi Odile Guidry, mjane, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti. Yeye hakumuuliza Baba ni nani. Aliitazama sahani yake, kisha akasema (nimethibitishiwa na mashahidi watatu), "Baba wee, nani kakufunga gerezani?" Akamwekea soseji tatu, uji mzito wa mahindi na siagi, akamimina pilipili ya chupa juu ya vyote, pamoja na ndizi.

Nilipomhoji baadaye kwa nini hakumuuliza mtu mgeni anatoka wapi, alinishangaa. "Mwanangu, kwetu mtu akishakaa mezani hatumuulizi katoka wapi. Tunamuuliza kama anaongeza."

4. Kuhusu binti wa mapokezi, Marisol.

Baada ya dakika ishirini na tano Curtis akainua kichwa na kuuliza, "Mzee yuko wapi?" Nilikwenda mlangoni mara moja nikatoa taarifa. Nanukuu mazungumzo yote ili muone uzembe wa binti huyu.

"Nimempoteza baba yangu."

"Pole sana, mama. Amevaaje?"

"Fulana ya njano."

Akageuka, akapitisha macho ukumbi mzima, akanyoosha kidole. "Ni yule babu pale anayecheka?"

Nikamwambia, "Hapana. Baba yangu hacheki."

Sasa angalieni alichofanya. Badala ya kuendelea kutafuta kwa busara, alinisadiki! Alifunga milango miwili, akasimamisha bufe, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba babu mmoja amepotea, kisha akamtuma kikaragosi wenu mkuu, Bwana Mamba Mpishi, akatazame vyooni. Ukumbi ulikuwa na watoto kama sitini. Walisikia babu kapotea. Walimwona Mamba anaingia chooni. Baada ya dakika mbili walimwona Mamba anatoka chooni, peke yake, anajifuta mikono tumboni.

Mtoto mmoja wa meza ya tisa akapiga kelele, "Kamla!"

Sina haja ya kuwaeleza kilichofuata, maana nimeambiwa mliokota vijiko hadi bustanini. Wazazi walibeba watoto migongoni. Mamba alijaribu kukanusha kwa ishara za mikono, na kila alipofungua mikono kusema hapana ilionekana kama anaonyesha ukubwa wa babu.

Katikati ya vurugu ile Bibi Odile alisimama juu ya kiti, akahesabu watu wake kwa kidole, akahesabu tena, akapaza sauti: "Jamani! Kuna mtu kapungukiwa na mzee? Sisi tumezidi mmoja!"

Hivyo ndivyo alivyopatikana. Msimamizi wa zamu alimwita Marisol pembeni mbele za watu, akaandika jina lake kwenye karatasi. Binti alilia kidogo. Kisha alikuja mezani kwetu akaniomba radhi, akamletea Joanie taji la karatasi. Niliipokea radhi lakini sikuifuta taarifa yangu.

5. Kuhusu Baba kukataa kurejeshwa.

Nilikwenda kumchukua. "Baba, twende. Meza yetu ni ile."

"Nimeshakaa," akasema.

"Mayai yako yanapoa kule."

"Yale si mayai, Darlene. Yale ni maoni ya daktari."

Meza nzima ya watu wa Louisiana ikacheka, naye akacheka. Mdomoni alikuwa na soseji, mkononi uma, kichwani taji la karatasi ambalo sijui alilipata wapi. Nikarudi kwenye meza yetu. Tulimaliza kifungua kinywa watu wanne. Mhudumu akaniuliza kama kiti cha tano tunamsubiri mtu. Nikamjibu kwamba ndiyo, yuko pale.

Nilidhani ni jambo la mlo mmoja. Lakini mchana, kwenye mgahawa wa samaki, akina Guidry walikuwa wameketi ng'ambo yetu, na Baba alipita kando ya kiti chake kama abiria anayejua kituo chake si hiki. Jioni ikawa vilevile. Siku ya pili nikabadilisha milo miwili kuwakwepa. Wakatukuta. Nikagundua kwamba Baba alikuwa amempa Bibi Odile nakala ya ratiba yangu yenye plastiki, pamoja na mabadiliko yale, naye akawa anawaongoza watu wake kumi na wanne kwa kutumia kazi ya mikono yangu, bila nafasi hata moja iliyowekwa, na kila mahali wanapewa meza kwa sababu anawakumbatia wapokezi.

6. Kuhusu mzee mbadala.

Siku ya pili jioni Bibi Odile aliona aibu kukaa na mzee wa watu bila kurudisha chochote. Akatuletea shemeji yake, Mzee Alcide, mwenye miaka themanini. Alimleta mkononi, akamketisha kwenye kiti cha Baba. "Huyu hapendi kelele zetu," akasema. "Mtumieni tu mpaka mwisho."

Ndugu Meneja, Mzee Alcide ni mtu niliyemsubiri maisha yangu yote. Aliisoma ratiba yangu kuanzia juu hadi chini, akavua kofia. "Mama," akaniambia, "nimeishi na watu hawa miaka hamsini sijawahi kujua chakula kinaanza saa ngapi." Alikula ute wa mayai. Alikula nusu ndizi, akarudisha nusu ya pili kwa hiari yake. Tulimaliza chakula kwa dakika kumi na saba.

Lakini kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, aligonga mlango wa chumba chetu cha hoteli amevaa amenyooka, anatukumbusha kwamba foleni ya kifungua kinywa inafunguliwa baada ya dakika arobaini. Mchana huohuo alimkatisha Paige katikati ya sentensi akamwambia muda wa mazungumzo umekwisha. Siku ya nne Curtis aliomba kuongeza viazi. Mzee Alcide akaitazama saa yake, kisha akamtazama Curtis, na Curtis akarudisha sahani. Joanie aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, huyu babu ndiye wewe ukizeeka?"

Kwa hiyo nalalamika pia kwamba mgahawa wenu uliruhusu kubadilishana wazee bila hati, na kwamba mzee tuliyepewa alikuwa anafaa kupita kiasi.

7. Kuhusu maneno yaliyosemwa kwenye foleni.

Siku ya tatu nilimpata Baba peke yake kwenye foleni ya mchezo wa mtumbwi wa maporomoko, nikamwuliza waziwazi. "Tumekukosea nini, Baba? Chakula nakuandalia. Dawa nakupa kwa saa. Nimekupangia hata muda wa kupumzika."

Foleni ikasogea mara mbili. Kisha akasema, "Odile aliniuliza mama yako alikuwa anapika nini Jumapili."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia kabichi ya kuviringishia nyama. Akauliza anaweka nini ndani. Nikamweleza. Akauliza alikuwa anaimba akipika au ananyamaza. Nikamwambia alikuwa anagombana na redio." Akafuta miwani kwa fulana. "Miaka miwili, Darlene. Nyumba nzima hakuna aliyelitaja jina lake mezani."

Nikamwambia ukweli, kwamba tulikubaliana hivyo mimi na Curtis, na watoto tukawaonya, ili asiumie. Nikamwambia, "Tulikuwa tunakulinda."

"Mlikuwa mnalinda zile dakika kumi na nane," akasema. Mtumbwi wetu ukafika, tukapanda, tukalowa.

Sina maoni juu ya aya hii. Nimeiweka kwa ajili ya ukamilifu wa taarifa.

8. Kuhusu picha.

Kwenye ukuta wa picha wa Meza ya Mamba kuna picha kubwa inayoonyesha kifungua kinywa cha siku ya mwisho. Bwana Mamba Mpishi yuko katikati, amemshika mzee mmoja mikono yote miwili, wanacheza. Mzee huyo amefunga kitambaa cha meza kiunoni na mguu wake mmoja uko hewani. Chini imeandikwa: FAMILIA YA GUIDRY, LAFAYETTE.

Mzee huyo ni baba yangu. Kwenye harusi yangu nilimwomba acheze nami, akaniambia goti linauma. Nataka mnieleze ni goti gani lile lililo hewani.

Naomba maandishi yale yasahihishwe. Sihitaji picha yenyewe iondolewe. Curtis alinikuta mbele yake nimesimama muda mrefu, akanikumbusha kwamba tuna ndege.

9. Kuhusu hali ya mzee aliporejeshwa.

Nilileta baba anayesema "Asanteni." Nimerudishiwa huyu.

Huyu anaimba kwa Kifaransa cha watu wa Louisiana maneno ambayo Paige ameyatafuta kwenye simu na kukataa kuyatafsiri. Huyu ametundika chupa ya pilipili kwenye mkanda wa suruali kama bisibisi. Jumapili iliyopita alijaribu kupika mchuzi mzito wa kamba na soseji alioelekezwa na Bibi Odile kwa simu, sauti ya simu ikiwa juu kabisa, na kengele ya moto ilipolia Bibi Odile alisema, "Ndiyo, hapo sasa unaelekea kuiva." Jumatatu alimkaribisha mezani mleta barua. Jumanne alimkaribisha jirani yetu, Bwana Tkach, ambaye hatujasalimiana naye tangu ule ugomvi wa uzio, na Bwana Tkach alikula sahani tatu akalia kwa sababu mama yangu aliwahi kumpelekea kabichi ile alipokuwa mgonjwa, jambo ambalo mimi sikuwahi kulijua.

Chakula cha jioni sasa kinachukua saa moja na nusu. Paige anaacha simu yake ngazini bila kuambiwa. Joanie anauliza kila siku, "Bibi Irene alifanya nini kingine?" naye Baba kila siku anakumbuka kitu kingine. Ratiba yangu ya jioni, Ndugu Meneja, haipo tena. Naiona ukutani na rangi zake, hakuna anayeitazama isipokuwa Mzee Alcide, ambaye hupiga simu kutoka Lafayette kuuliza kama inafuatwa.

Kwa sababu hizo zote, naomba yafuatayo kwa unyenyekevu:

(a) Kila mzee anayeingia kwenye mgahawa wenu abandikwe jina, mji na meza yake, na asitolewe kwenye bufe bila sahihi ya mtoto wake wa damu.

(b) Mayai yahamishwe hatua tano kuelekea upande wetu.

(c) Iwekwe sheria ya kupunguza ukarimu kati ya meza na meza. Napendekeza sentensi mbili kwa mgeni, na isiwemo hata moja ya swali kuhusu marehemu.

(d) Bwana Mamba Mpishi aniandikie barua ya kuomba radhi kwa mkono wake mwenyewe, hata kama una vidole vinne.

(e) Binti wa mapokezi, Marisol, asirudishwe mlangoni kamwe, kwa kuwa alishindwa kumtambua baba yangu akiwa mbele ya macho yake.

Ni matumaini yangu kwamba mtayashughulikia haya kwa mpangilio nilivyoyaandika. Msalimie mpishi wa pankeki, na umwambie hereni zangu zote ninazo. Wasalimie wanaoosha vyombo, waliookota vijiko, yule mtoto wa meza ya tisa mkimfahamu, na mtu yeyote anayekaa ndani ya Mamba kwenye joto lile. Curtis anakusalimu. Watoto wanakusalimu. Baba anasema karibu chakula.

Ni mimi, mgeni wenu aliyefika dakika kumi kabla,

Darlene Hrabovsky

Baada ya sahihi: Nimeisoma barua hii kabla ya kuifunga, na kuna jambo siwezi kulituma likiwa hivyo.

Nilimwona. Baba hakupotea, wala hatua tisa hazimhusu. Alitoka kwenye mayai akasimama na sahani yake katikati ya meza mbili, akatutazama sisi. Curtis alikuwa kwenye simu. Paige alikuwa kwenye simu. Joanie alikuwa amelala juu ya mkono wake. Mimi nilikuwa nawasomea milo ya mchana. Kisha akaitazama meza ile nyingine, akatutazama sisi tena, akaenda. Niliona yote kwa juu ya karatasi, nikaendelea kusoma, kwa sauti kubwa zaidi.

Na Marisol aliponyoosha kidole alinyoosha palepale. Niliposema baba yangu hacheki nilikuwa namwangalia anavyocheka. Uma ulikuwa hewani, anawasimulia kitu, nikajua kwa jinsi alivyokuwa akiviringisha mikono kwamba ni mama na kabichi. Nilitaka amalize. Sikujua kwamba mngefunga milango, wala sikujua kuhusu Mamba kutumwa vyooni. Nilikaa kimya binti wa watu akiandikwa jina kwa sababu yangu, na nimekaa kimya wiki tatu.

Mrudisheni mlangoni leo, kabla hamjafanya jingine lolote. Ndiye mtu pekee ukumbini aliyemtambua baba yangu kwa kumtazama mara moja. Nitamwandikia mwenyewe, nanyi mpeni barua hii aisome. Yale mengine, kuanzia namba moja hadi (d), fanyeni mtakavyo.

Ningeiandika upya, lakini chakula kiko mezani, na Baba amewakataza wote wasianze bila mimi.